Ng'ombe wa Robhi Wana Magurudumu

Tangu nirudi, kila anayefika kwenye meza yangu ya nafaka hapa sokoni Tarime anauliza bei ya mtama kwa adabu tu, kisha anauliza kilichomleta: "Bhoke, gari mmeliacha wapi?" Nimesimulia vipande vipande huku napima debe na kufukuza kuku, na sasa vipande hivyo vinanirudia vikiwa vimeota pembe na mkia. Jana nimesikia kwamba tulivutwa na trekta. Hatukuvutwa. Naandika mara moja niwape rafiki zangu, na anayetaka kuongeza chumvi baada ya hapa aiongeze kwenye mboga yake.

Uani kwa baba, Tarime

Kwa asiyelijua, gari lenyewe ni Pijo, pikapu kuukuu. Mama alikuwa akisema lilikuja na rangi ya maziwa, lakini mimi nimelijua likiwa na rangi ya barabara. Baba alilinunua nikiwa darasa la chini, muda mfupi baada ya dada yetu mkubwa, Robhi, kuolewa kule Machochwe, wilaya ya Serengeti. Kwa desturi yetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya binti humwoza kaka yake. Wale wa Robhi walikuwa wamwoze Chacha, mtoto wa kwanza wa kiume, atakapokua. Baba hakusubiri. Aliwaswaga wote mnadani, akarudi na Pijo. Kijiji kikaliita gari Ng'ombe wa Robhi, na jina likanata. Likipita na vumbi lake, watu walisema, "Ng'ombe wa Robhi hao wanapita," na hakuna aliyecheka, kwa sababu ndilo lilikuwa jina lake.

Tulikulia humo. Lakini nikisema "tulikulia" msifikiri tulikaa pamoja. Mbele walikaa baba na kaka zangu, Chacha na Marwa. Nyuma, kwenye bodi, alikaa mama juu ya gunia, nami kando yake nikimshika mbuzi pembe asituruke. Chacha ukimuuliza kuhusu gari lile, atakueleza honi ilivyokuwa ikilia yenyewe kwenye kona za kulia, na rozari iliyoning'inia kiooni. Ukiniuliza mimi, nitakueleza ladha ya vumbi la kila kijiji, maana lina tofauti. Nilikuwa nikifika kanisani nikiwa na nyusi za bibi kizee.

Stata ilikufa mapema na baba hakuitengeneza kamwe. Badala yake alijifunza miteremko. Popote tulipokwenda alitafuta kwanza mahali penye mteremko, akarudi kinyumenyume, akaegesha pua ikiangalia chini, na jiwe mbele ya gurudumu. Tuliwahi kuhama parokia kwa sababu kanisa la kwanza lilijengwa kwenye tambarare. Padri aliambiwa ni kwa sababu ya kwaya.

Robhi hakulipanda hata siku moja. Alipokuja kutusalimia alikuja kwa basi, na alipoondoka alitembea hadi stendi na furushi lake kichwani, hata siku ile tuliyomzika mama. Baba alisema haifai mtu kupanda mahari yake mwenyewe. Naye Robhi akasema, "Acha tu." Robhi ni mtu wa kusema acha tu. Na baba hakuwahi kulifikisha kwake Machochwe, jambo ambalo nilimhesabia kama ubahili wa moyo, na niliwahi kumwambia hivyo usoni.

Baba alifariki mwaka jana. Mama alishatangulia. Baada ya matanga kaka zangu, Chacha na Marwa, walikubaliana kuliuza gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Niliwakuta uani, mnunuzi analigonga gonga ubavuni anavyogonga mtu anayenunua tikiti maji.

"Hilo gari si lenu," nikasema.

Chacha akacheka. "Ni la nani, lako?"

"La Robhi. Kama ni chuma, ni chuma chake. Kama ni ng'ombe, ni ng'ombe wake."

"Robhi ameolewa, Bhoke, ana kwake. Anadai nini huku?"

"Hajadai. Nadai mimi."

Tulibishana mpaka majirani wakatoka kupalilia palipokwisha kupaliliwa. Mwishoni Chacha, ambaye hapendi kushindwa mbele ya wageni, akatoa hukumu yake. "Haya. Likifika Machochwe kwa magurudumu yake, na Robhi akalipokea, tumemaliza. Likivutwa njiani hata kidogo, au yeye akilikataa, linarudi hapa kwenye mzani. Na mimi nitakuwemo kushuhudia."

"Utakaa kushoto," nikamwambia. "Dereva ni mimi."

Matengenezo siyasimulii, maana hayana utamu. Robhi sikumpigia simu. Angesema acha tu, na neno hilo likishatoka, Chacha angenishikia hapo hapo.

Tarime hadi Nyamwaga

Tuliondoka Alhamisi asubuhi kwa kuteremka mlima wa nyumbani. Nyuma tulipakia mikungu miwili ya ndizi, sukari, gunia la ulezi na kamba nene ya katani. Kamba aliileta Chacha. Aliiviringisha vizuri, akaiweka mahali ambapo ningeiona kwenye kioo kila nikitazama.

Hatujafika mbali trafiki akatusimamisha. Nilisimama mahali penye mteremko, kama nilivyolelewa. Akazunguka gari, akapita dirishani kwangu, akaenda kuinama upande wa Chacha.

"Mzee habari. Dereva wako yuko wapi?"

Chacha akanionyesha kwa kidevu. Trafiki akanitazama mimi, akautazama usukani, akarudi kwa Chacha. "Huyu mama ndiye anaendesha? Hii?"

"Afande," nikasema, "mimi niko hapa, na masikio yangu yako hapa pia."

Nilidhani nimeharibu. Kumbe yule kijana hakuwa na neno na mimi. Alikuwa amelitambua gari. Akaweka mkono juu ya bodi na kutuambia kwamba baba yake alikuwa na kama hili kule Bunda, na kwamba yeye na wadogo zake walioga ndani yake, kwa maana baba alilisafisha kila Jumapili na watoto wakafuatia kwa maji yale yale. Walikuja kuliuza ili yeye apate ada ya shule. "Nimesoma kwa lile gari," akasema. "Siku linaondoka nilijificha chooni." Kisha akakumbuka sare aliyovaa, akakaza uso, na kutuambia taa ya nyuma haiwaki. Tukamshukuru. Akatusukuma mwenyewe kidogo tuondoke.

Ilikuwa hivyo njia nzima. Nyamwaga tulinunua chai na chapati kwa mama mmoja mwenye kibanda, na kabla hajatupa sukari akauliza, "Hili si la Mzee Mwita?" Mwita ndiye baba yetu. Tulipoitikia akaita jirani yake, na jirani akaita mwingine. Yule wa pili alituambia kwamba mwanawe wa kwanza alizaliwa nyuma ya gari hilo, barabarani, kabla hawajafika hospitali, na kwamba mama yetu ndiye aliyempokea mtoto, huku baba amesimama mbele ya gari na mgongo umewageukia, anawaza mteremko.

Chacha alikuwa ameacha kutafuna. "Hilo mimi silijui," akasema.

"Ungelijuaje?" nikamwambia. "Wewe ulikuwa mbele."

Chai yangu niliifurahia sana.

Nyamongo na ng'ambo ya daraja

Kutoka Nyamwaga barabara ina vipande vya lami na vipande vya kubahatisha, na kila mchepuo una vumbi lake. Malori yanapita yakikuacha gizani. Nyamongo hatukusimama, ni pa tambarare, na soko lilikuwa limejaa. Tulivuka Mto Mara mchana jua likiwa utosini. Chacha akatazama maji kutoka darajani, akasema mamba hawaonekani, na hilo ndilo jambo la kwanza la upole alilolisema siku hiyo.

Ng'ambo ya daraja kuna mpando. Katikati yake rejeta ilichemka, mvuke ukafunika kioo, na injini ikazima. Niliweka gia, Chacha akaruka na jiwe. Tulikaa kando tukisubiri lipoe, kisha tukalinywesha maji ya dumu. Sasa ikabaki kuliwasha, na pua ilikuwa imeangalia juu. Kilele kilikuwa mbele kidogo tu. Ukifika kilele, kuna mteremko mzuri ambao baba angeuchumbia.

Lori la vitunguu likasimama. Dereva alikuwa wa upande wa pili, Mkenya wa kupitia Sirari, mtu mchangamfu mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile.

"Madam, hii gari imechoka bana. Wacha nikuvute mpaka Mugumu. Sitaki kitu, naenda tu huko."

Nilipogeuka Chacha alikuwa tayari ameshika kamba, ameshaifungua, na uso wake unang'aa. Nawaambieni ukweli, sijawahi kumchukia mtu wa tumbo moja nami kama nilivyomchukia pale.

"Asante sana, kaka," nikamwambia dereva. "Hatuvutwi."

"Kwani kuna shida gani?"

"Shida ni huyu," nikamwonyesha Chacha.

Dereva alitutazama, akasema, "Hiyo ni ya familia," akapanda lori lake na kwenda zake. Chacha akakaa kwenye jiwe na kamba yake magotini. Akasema hana haraka. Lori lingine litapita, na njaa itanifundisha adabu.

Waliopita kwanza si lori. Walikuwa akina mama wa kwaya, wamevaa vitenge vya sare, wanatoka msibani na wanangoja usafiri. Niliwaeleza kila kitu: ng'ombe, mahari, Robhi na furushi lake, mzani wa vyuma. Sikuficha hata neno. Mkubwa wao, mwanamke mnene wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu na kuvipanga pembeni.

"Walikataza kuvuta," akasema. "Kusukuma walikataza?"

"Hawakutaja."

"Subirini," Chacha akadakia, "kusukuma na kuvuta ni kitu kimoja."

Yule mama akamgeukia. "Wewe mura, mwanaume mzima umekaa na kamba kama unasubiri kuchinja mbuzi, na sisi tumetoka kuzika tunasukuma? Inuka."

Chacha aliinuka. Mbele ya wanawake wale angefanya nini? Alitaka kuweka mkono mmoja tu, lakini walimpa nafasi ya katikati, nyuma ya ekzosi. Wakaimba, wakasukuma, na Ng'ombe wa Robhi wakapanda mlima hatua kwa hatua. Kileleni nikaachia klachi, likakohoa, likawaka, na mimi nikapiga yowe ambalo sikumbuki nimelipiga tangu utotoni. Honi nayo ikalia yenyewe kwenye kona. Chacha alirudi kwenye kiti chake akiwa mweusi wa moshi kuanzia kifuani hadi kwenye meno. Akina mama wakajaa nyuma na kuimba mpaka kijijini kwao, na wakala mkungu mmoja wa ndizi mbivu njiani. Niliwaambia waumalize wote.

"Umesukuma mwenyewe," nikamwambia Chacha walipokwisha kushuka. "Unakuwa shahidi wangu sasa."

"Nyamaza uendeshe," akasema.

Mugumu

Mugumu tuliingia jioni, na Ijumaa asubuhi tukatafuta mchomeleaji wa kuziba rejeta. Tulielekezwa kwa Mzee Shabani, mtu wa Pangani aliyekuja huku kijana, akaoa, akazaa, na bado anaongea kama aliyeshuka kwenye basi jana. Karakana yake iko uani kwake, na ua wake, mtaniamini, una mteremko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Akanyanyuka na kulitazama gari kwa muda. "Alaa! Hili nalijua. Mwenyewe hajambo?"

Tukamwambia mwenyewe amefariki. Akasema inna lillahi, akaweka chini koleo. Kisha akatuonyesha pembe ya ua, chini ya paa la mabati. "Hapo ndipo pake. Akija kumwona bintiye huko Machochwe, gari huliacha hapo. Hulifunga, hunipa ufunguo, naye huenda kudandia lori la mahindi. Kesho yake au keshokutwa hurudi amejaa vumbi, hulichukua. Mimi humwambia, Mwita bwana, una gari, wajitesaje? Hunijibu, gari hili halifiki kule."

"Alikuwa anaiogopa barabara," Chacha akasema.

"Yawezekana," Mzee Shabani akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Miaka yote nilijua baba akienda Machochwe anaondoka na gari nyumbani. Sikujua linalala hapa. Nilichojua ni kwamba Robhi halioni, na hilo lilinitosha kukasirika. Sasa nilikuwa na hasira na swali juu yake.

Rejeta ilimalizika saa sita kasoro, lakini ilikuwa Ijumaa, na Mzee Shabani akafunga vifaa akaenda kuswali. Chacha alianza kunung'unika kuhusu kuchelewa, mpaka mke wa mzee alipotoka na sinia la pilau. Hapo akakaa vizuri. Alikula kama mtu aliyesukuma gari. Baadaye mzee akarudi, akajaza maji, akatazama chini kama inavuja, akasema iko salama. Ilikuwa imeshakuwa jioni, na hakutaka kusikia habari ya kuondoka. Tukalala kwake.

Asubuhi wakati wa kuaga aliniita pembeni. "Mama, baba yako hakuwa mwoga wa barabara. Nimemwona akilipitisha mahali ambapo punda angekataa. Huko mwendako, enendeni taratibu."

Nilidhani anazungumzia mashimo.

Machochwe

Barabara ya Machochwe inapita kwenye mashamba ya mahindi na mtama yaliyosimamishiwa vibanda juu ya miti, vya kulindia tembo wasile mazao, maana hifadhi iko jirani. Ng'ombe walikuwa wengi njiani kuliko watu. Tulipokaribia Chacha alinyoosha mgongo na kufunga kifungo cha shati, na nikaona kwamba na yeye alikuwa na hamu ya kumwona dada.

Boma la Robhi liko juu ya kilima, na njia inapanda hadi kwenye geti la miti. Nilifanya alivyofanya baba kila mahali. Nikaligeuza gari, nikapanda kinyumenyume hadi getini, pua ikabaki inaangalia mteremko. Chacha akaruka chini na kufungua ubao wa nyuma ili tushushe sukari na ulezi. Nilikuwa natabasamu. Tumefika kwa magurudumu yetu, nikawaza, na huyu hapa shahidi.

Mume wa Robhi, Nyamhanga, alitoka mbio kutoka zizini. Nyuma yake alikuja kaka yake mkubwa, mzee mwenye fimbo. Nyamhanga hakutusalimia. Alishika miti ya geti akaipitisha mmoja mmoja mpaka ikafunga.

"Chacha," akasema, "funga huo ubao."

"Shikamoo, shemeji," nikasema kutoka dirishani. Hakuitikia. Nyote mnajua maana ya mtu mzima kuiacha shikamoo hewani.

"Baba yenu udongo wake haujakauka," Nyamhanga akasema. "Leo mnaniletea ng'ombe wangu. Mmewageuzia getini kwangu kama lori la mnadani, na mwana mkubwa ndiye anafungua ubao. Nimemfanya nini dada yenu?"

Kwetu ndoa haivunjiki kwa maneno. Inavunjika ng'ombe wa mahari wanaporudishwa, na wa kuwarudisha ni baba, na baba akifa ni mwana mkubwa.

"Shemeji, hapana," Chacha akasema. "Tumeleta gari tu."

"Gari!" Nyamhanga akasema. "Nani asiyelijua jina lake?"

Hapo ndipo nilipomwona baba, uani kwa Mzee Shabani, akifunga milango na kutoa ufunguo. Hakuwa bahili. Alikuwa akiilinda ndoa ya Robhi kwa miguu yake mwenyewe, kwenye lori la mahindi, miaka yote hiyo. Nilimwelewa. Lakini sitawadanganya kwamba hasira iliisha. Angeweza kutuambia. Angeweza kumwambia Robhi mwenyewe, badala ya kumwacha atembee na furushi lake akidhani ananyimwa.

Mzee mwenye fimbo akasema, "Lirudi lilikotoka, sasa hivi. Lisivuke hiyo miti." Chacha akanitazama. Nilijua anachowaza, maana nilikuwa nakiwaza pia. Likikataliwa, ni mzani.

Ndipo Robhi akatoka jikoni, mikono yake ina unga hadi kwenye viwiko. Dada yangu ni mwanamke mrefu, ameanza kuinama kidogo mabegani kwa sababu ya jembe. Alitutazama sote, mmoja mmoja, na akalitazama gari mwisho.

"Nyamhanga," akasema, "hakuna ng'ombe anayerudi. Huyu ni Bhoke, kichwa ngumu tangu azaliwe. Na yule ni Chacha, hawezi kufungua ubao bila kuleta kesi."

"Basi lisiingie," Nyamhanga akasema.

"Halitaingia."

Aliinama akapita chini ya miti ya geti, akatoka nje. Akalizunguka gari polepole. Akagusa bodi mahali alipokuwa akikaa mama, akagusa boneti, akaurudisha mkono kwa sababu ya moto.

"Ni dogo," akasema. "Ng'ombe wangu walijaza zizi. Nilidhani gari lenyewe ni kubwa."

Chacha alikuwa ameinamisha kichwa.

Robhi akaja upande wa kushoto, akashika kitasa. Mzee mwenye fimbo akapaza sauti. "Mke wa Nyamhanga, haifai. Mtu hapandi mahari yake. Hata baba yako alisema."

"Baba yangu alilipanda mpaka amekufa," Robhi akasema, bila kugeuka. "Mama yangu alilipanda, na tumbo lake ndilo lililonizaa. Chacha alilipanda, na ng'ombe wale walikuwa wamwoze yeye. Ni mimi tu nikilipanda litaharibika?"

Nyamhanga alikuwa bado ameshika miti ya geti. Akauliza, taratibu kabisa, kama vile sisi wengine hatupo, "Ukipanda, utarudi?"

Robhi akamgeukia, na uso wake ukalainika. "Ugali wangu uko jikoni, haujaiva. Namwachia nani?"

Nyamhanga akafikiri. Kisha akaachia ile miti. "Nje ya geti si kwangu," akamwambia kaka yake. "Huko afanye anavyotaka."

Na ndivyo ilivyo hadi leo, kwa mnaouliza. Gari liko Machochwe, nje ya geti, kwenye mteremko, jiwe liko mbele ya gurudumu. Halijavuka ile miti na halitavuka. Robhi hulipakiza mtama wake kwenda mnadani, na kijana wa jirani huendesha mpaka hapo yeye atakapojua. Hatukuvutwa na trekta. Kamba tuliifikisha haijatumika, na sasa inafunga ndama.

Iliishia kwa ndama kwa sababu Chacha mwenyewe aliitoa. Pale pale getini, dada akiwa ameshika kitasa, aliichukua kutoka nyuma akamrushia Nyamhanga juu ya miti. "Shika, shemeji. Amelipokea." Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akazunguka gari kuja kukaa mbele.

Robhi alikuwa ameshakaa.

"Chacha," akasema, "panda nyuma."

Akapanda nyuma. Niliondoa breki, tukateremka, nikaachia klachi, injini ikashika. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la Machochwe ni jekundu, linaingia kila mahali. Dada alishikilia dashibodi kwa mikono yake yenye unga mpaka tulipofika barabarani. Nyuma yetu Chacha alikuwa anapiga paa la gari kwa kiganja na kupiga kelele.

"Anasema nini?" Robhi akauliza.

"Anasema vumbi."

Nilimsubiri aseme acha tu. Akanyoosha shingo akatazama mbele, barabara yote.

"Kanyaga," akasema.